Kinanda cha Umeme Kikae Pamoja na Zeze

Mimi ni mkulima wa mtama na alizeti katika Mkoa wa Dodoma. Kazi za shamba zikipungua, napiga kinanda cha umeme katika kikundi chetu cha ngoma. Kikundi kina watu 11. Akina mama 6 wanaimba na kupiga ngoma za muheme. Wazee 2 wanapiga zeze na ilimba. Vijana 2 wanapiga kayamba. Wa 11 ni mimi.

Siku hizi vinanda vya umeme vimeenea vijijini. Utavikuta kanisani, shuleni na harusini. Lakini watu wengi wakikiwasha kinanda, wanapiga sauti ile ile inayotoka kwanza. Hawaendi mbele zaidi. Leo nataka kueleza jinsi tunavyochagua sauti. Kwetu sisi jambo hili si mchezo. Lilikuwa karibu kumwondoa mzee wetu wa zeze.

Sauti zinatoka wapi?

Zeze linalia kwa sababu uzi unatetemeka na kibuyu kinaikuza sauti yake. Ilimba inalia kwa sababu vyuma vyembamba vinatetemeka juu ya sanduku la mbao. Kinanda cha umeme hakina uzi wala vyuma vya namna hiyo. Ndani yake zimehifadhiwa sauti za vyombo vingi vya muziki. Ukibonyeza kibao, umeme unaitoa sauti uliyoichagua kupitia spika.

Mwaka 1991 watengenezaji wa vinanda walikubaliana juu ya orodha moja ya sauti 128. Kila sauti ilipewa namba. Namba 1 ni piano. Namba 20 ni kinanda kikubwa cha kanisani. Namba 25 ni gitaa la nyuzi za nailoni. Namba 41 ni fidla. Namba 74 ni filimbi. Namba 109 ni kalimba, ndugu yake ilimba yetu.

Vinanda vingi vina orodha hii, lakini si vyote. Vingine vinaanza kuhesabu kwa 0, kwa hiyo kalimba inakuwa namba 108. Vingine vinatanguliza sauti zao wenyewe. Kwa hiyo soma kwanza orodha iliyo juu ya kinanda au katika kitabu chake. Halafu bonyeza kitufe kilichoandikwa VOICE au TONE, kisha bonyeza namba unayoitaka. Anayejua kusoma namba haombi msaada wa mtu.

Ugomvi wa sauti

Kinanda kilipofika kikundini, vijana walipenda sauti za fidla nyingi kwa pamoja. Ni sauti nzuri, tena ni ndefu. Inaendelea kulia muda wote ambao kidole kiko juu ya kibao. Lakini mzee wa zeze alikunja uso. Alisema, "Mwanangu, chombo chako kinabishana na uzi wangu. Kama ni hivi, mimi nitabaki nyumbani."

Mzee alisema kweli. Muziki wa Wagogo una sauti 5 katika ngazi yake. Sauti hizo zinafuata mlio wa asili wa uzi. Vibao vya kinanda vimepangwa kwa hatua zilizo sawa, na hatua hizo hazifiki kila mahali. Moja ya sauti zetu 5 iko chini ya kibao kilicho karibu nayo, kwa kiasi cha theluthi moja hivi ya hatua. Sauti mbili zinapokaribiana bila kulingana, sikio linasikia mtikisiko: wa-wa-wa-wa. Huo ndio ubishi aliousikia mzee.

Tulikaa jioni tatu, mimi na yeye. Yeye alivuta uzi wake mkuu, mimi nikatafuta sauti hiyo. Kitufe cha TRANSPOSE kinapandisha au kushusha kinanda chote hatua nzima nzima. Kuna pia njia ya kukirekebisha kidogo kidogo, kama unavyokaza uzi. Tulipomaliza, sauti 4 zilikaa vizuri na zeze. Ya 5 ilikataa.

Basi tukafanya mambo mawili. Kwanza, tuliacha sauti ndefu. Fidla nyingi na kinanda cha kanisani hulia bila kukatika, na mtikisiko nao unaendelea. Tukachagua kalimba, na kwa nyimbo za polepole gitaa la nailoni. Sauti hizi hulia kisha hufa upesi. Zinaacha nafasi kwa waimbaji na kwa zeze.

Pili, kile kibao kinachobishana hatukipigi. Ni kibao cheusi. Kinanda chetu kina vibao 61, kwa hiyo kibao hicho kinarudi mara 5. Vyote 5 nimevibandika kipande cha plasta. Wimbo ukifika hapo, mimi nanyamaza na zeze linajibu peke yake. Sasa watu wanasikiliza zeze hapo kuliko mahali pengine popote.

Kitufe cha mdundo

Kinanda kina pia ngoma ndani yake. Ukibonyeza kitufe kimoja, ngoma inaanza na haichoki. Wenye harusi wengine wanapenda hivyo. Wanasema, "Njoo peke yako na kinanda. Kwa nini tulipe watu 11?"

Nawaelewa, maana harusi ina gharama nyingi. Lakini ngoma ya kinanda haioni miguu ya wachezaji. Muheme inaona. Wachezaji wakichangamka, akina mama wanaongeza kasi. Wakichoka, wanawasubiri. Tena malipo ya ngoma yananunua chumvi, sabuni na madaftari katika nyumba 11. Nikienda peke yangu, yataingia nyumba moja. Kwa hiyo tulikubaliana kikundini kwamba kitufe hicho kitatumika wakati wa mazoezi tu. Harusi nyingine tumezikosa kwa sababu hiyo. Jambo hili bado tunalijadili, na vijana wana hoja zao.

Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alikuwa Mgogo kama sisi. Aliimba na kupiga ilimba na zeze mbele ya watu wa nchi nyingi. Watu hao walikuwa na vinanda vingi makwao. Walikuja kusikiliza kile ambacho vinanda vyao havikuwa nacho.

Mambo ya kukumbuka

1. Kabla ya kuchagua sauti, sikiliza waimbaji. Sauti ya kinanda isiwazidi nguvu.

2. Jaribu sauti moja moja pamoja na kikundi kizima. Sauti tamu ukiwa peke yako inaweza kuharibu wimbo mkiwa wengi.

3. Mkipata sauti inayofaa, andika namba yake na jina la wimbo katika daftari. Mpigaji mwingine akija, atasoma.

4. Kabla ya kuchomeka waya wa umeme, soma volti zilizoandikwa kando ya tundu lake. Volti zikizidi, kinanda kinaweza kuungua. Ukitumia betri, zitoe kama hutakipiga kwa muda mrefu. Betri zikivuja zinaharibu vyuma vya ndani.

5. Kifunike kwa kitambaa. Vumbi likiingia chini ya vibao, vingine hugoma kulia.

Ndugu wasomaji, katika kijiji chenu huenda yuko mzee mwenye zeze, marimba au filimbi. Siku mtakaponunua kinanda, mwiteni tangu siku ya kwanza. Mkalisheni karibu na spika, kisha mmwulize ni sauti ipi inapatana na chombo chake. Masikio yake yana jibu ambalo halimo katika kitabu cha kinanda.