Kisiwa Kisicho na wa Kuulizwa

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, niliondoka Bariadi kwa basi kuelekea Lamadi pamoja na mjukuu wangu, ambaye alikuwa hajapata kuliona ziwa. Mashamba ya pamba yalitusindikiza njia nzima. Mapajani alipakata daftari lenye swali la shuleni: nani aligundua Ziwa Viktoria? Jibu alikwisha liandika: John Speke, 1858.

Ufukweni mwa Ghuba ya Speke tuliwakuta wavuvi wakianika dagaa. Aliwatazama kitambo, akauliza, "Babu, kwani babu zao hawa hawakuliona?"

Nikamweleza kuwa Speke hakwenda kwa kupapasa. Kazeh, ambayo leo ni Tabora, ndiko Sheikh Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu, alikompa yeye na mwenzake Burton habari za ziwa la kaskazini. Na Sidi Mubarak Bombay akafuatana naye hadi Mwanza. Mwaka 1875 Stanley naye alipita ghuba hii kwa mashua. Mto Simiyu, uliolipa mkoa wetu jina, aliuandika kama sikio lake lilivyolipokea jina hilo, akaudhania kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Siku hizi wataalamu huelekeza kwenye matawi ya Kagera.

Ipo nchi iliyogunduliwa kwelikweli, nikamwambia. Kusini ya mbali ya Bahari ya Atlantiki, upande wa Antaktika, kuna kisiwa cha Bouvet: kilomita za mraba 49 hivi, karibu chote kimefunikwa na barafu, na hakina mkazi hata mmoja. Mfaransa Jean-Baptiste Charles Bouvet de Lozier alikiona tarehe 1 Januari 1739, akadhani ni rasi ya bara kubwa, tena akakosea kuandika mahali kilipo. James Cook, baharia hodari asiye na mfano zama zake, alikitafuta asikione. Kilikuja kuonekana tena mwaka 1808. Miaka 69 kisiwa kizima kimepotea! Nani angeulizwa njia, ilhali hapakuwa na mvuvi wala jina?

"Basi jibu langu si sahihi," akasema. "Lakini nikilifuta, mwalimu atanikosesha."

Nikamwambia aliache jina la Speke, na chini yake aandike waliomwelekeza. Akaniomba nimtajie tena polepole, herufi kwa herufi: Snay bin Amir.