Bao Moja la Kaitaba

Jumapili ya Desemba 4, 2016, katika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, kijana wa miaka 19 aliifungia timu ya Mbao ya Mwanza bao. Jina lake Ismail Mrisho Khalfan. Ilikuwa ligi ya vijana wa chini ya miaka 20, na wapinzani walikuwa Mwadui. Baada ya bao akaendelea kukimbia, kama wanavyokimbia wote wenye umri huo, mtu asiyewahi kujiuliza pumzi hutoka wapi. Kisha akaanguka. Hakuamka tena.

Bukoba ni mbali na kwetu Mabamba. Ukitoka hapa unashika Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Biharamulo, Muleba, ndipo unaanza kulinusa ziwa. Lakini msiba una njia zake, haungoji basi. Ulitufikia kwa simu, mvua ikinyesha, siku zile ambazo Warundi walikuwa bado wanavuka mpaka wakiwa na magodoro kichwani na watoto mgongoni, wakielekea kambi ya Nduta. Macho yetu yalikuwa yameshajaa watu waliopoteza kila kitu. Kwa nini basi yakapata nafasi ya kijana mmoja wa Mwanza, tusiyemjua, aliyekufa Bukoba?

Sijui kama huzuni ina kipimo. Sijui kama moyo huchagua.

Na Bukoba yenyewe ilikuwa haijamaliza kulia. Tetemeko la Septemba 10 mwaka huohuo lilikuwa limebomoa nyumba na kuua watu, na miili ikaagwa palepale Kaitaba. Uwanja uleule. Nyasi zilezile za bandia ambazo hazijui kunyauka, hivyo hazionyeshi ni wapi mtu alilala. Uwanja wetu huku ni udongo mwekundu na milingoti ya mikaratusi. Mtu akianguka, alama yake hukaa mpaka mvua ijayo. Ni ipi afadhali, ardhi inayokumbuka siku mbili au isiyokumbuka kabisa?

Hapa kijijini vijana hubishana. Mchana wakitoka shambani, jioni kwenye kibanda umiza, ubishi hauishi: Simba na Yanga kwanza, halafu, kwa namna ambayo bado inanishangaza, Kobe na LeBron. Wengi wao hawajawahi kugusa mpira wa kikapu. Wamevaa tu jezi za mitumba zenye namba 24 au 23, wakatazama vipande vya video kwenye simu, wakachagua upande kama mtu anavyochagua dini ya babu yake. Mmoja atasema pete tano za ubingwa. Mwingine atajibu pete nne, lakini na timu tatu tofauti. Wa kwanza atataja pointi 81 dhidi ya Toronto, Januari 2006. Wa pili atataja pointi zaidi ya 40,000, na kwamba hakuna mwingine aliyewahi kufika huko.

Nikiwasikiliza, nawaza jinsi ubishi ule unavyohitaji miaka. Kumlinganisha mtu na mwenzake kunataka wote wawili wawe wamepewa muda: wa kushinda, wa kushindwa, wa kuumia goti na kurudi. Mizani haipimi mbegu.

Kobe Bryant akiwa na miaka 18, Mei 1997, alirusha mipira minne dhidi ya Utah ambayo haikugusa hata chuma cha kikapu. Msimu wa Lakers ukafia hapo. Akiwa na 19 alianza mchezo wa nyota wote, lakini hakuwa na pete hata moja. LeBron James akiwa na 19 alitajwa mchezaji mpya bora wa mwaka, na timu yake haikufika hata hatua ya mtoano. Kama pumzi ingewakatikia hapo, nani leo Mabamba angevaa namba zao? Tungewaita nini? Vijana waliokuwa na kipaji. Ndivyo tunavyomwita Ismail.

Kuna Jumapili nyingine ambayo hainiachi. Januari 26, 2020. Alfajiri yetu, wakati Marekani ilikuwa bado usiku wa Jumamosi, LeBron alimpita Kobe katika orodha ya wafungaji wa muda wote. Alimaliza mchezo wa Philadelphia akiwa na pointi 33,655. Kobe alikuwa ameachia 33,643. Pointi 12 tu. Kobe akampongeza hadharani. Na usiku wa siku hiyohiyo kwa saa zetu, ilipokaribia saa tatu, helikopta ilianguka kwenye vilima vya Calabasas, katika ukungu, ikiwa na watu tisa. Kobe alikuwa na miaka 41. Binti yake Gianna, aliyekuwa naye humo, alikuwa na 13.

Wamarekani walilala usiku mmoja katikati ya mambo hayo mawili. Sisi, kwa jinsi jua linavyotugawia siku, tuliyapata yote katika Jumapili moja: kupitwa kabla ya macheo, kufa baada ya machweo.

Nilidhani ubishi ungekoma. Ulikoma kweli, labda kwa muda wa matanga. Kisha ukarudi umebadilika: sasa mmoja alikuwa marehemu, na marehemu kwetu hasemwi vibaya. Hata waliokuwa wa LeBron walianza kuongea polepole. Ile kesi ya Colorado ya 2003, Kobe aliposhtakiwa kwa ubakaji, iliyofutwa mwaka uliofuata, haikutajwa kibandani. Kifo kilikuwa kimekaa upande mmoja wa mizani, na kifo ni kizito. Je, huo ulikuwa ukweli, au ni huruma tu inayojifanya hesabu?

Lakini walau Kobe alikuwa na cha kusamehewa. Alikuwa ameishi kiasi cha kukosea, kuzomewa, kuzeeka kidogo, kufunga pointi 60 katika mchezo wake wa mwisho Aprili 2016 na kuondoka kwa miguu yake. Ismail hakupewa hata nafasi ya kutukatisha tamaa. Hakuwahi kukosa penalti ya fainali. Hakuwahi kukaa benchi akinung'unika. Tunasema alikufa akiwa safi, na tunaisema kama sifa. Huenda ndiyo sehemu chungu kuliko zote.

Na Gianna? Naye alikuwa akicheza kikapu. Dunia nzima ilimlia baba yake, na jina lake likafuata nyuma kama mtoto anayeshikwa mkono barabarani. Nani atasema angekuwa bora kuliko nani?

Juni 26, 2003, mwanasoka Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka katikati ya uwanja mjini Lyon, katika nusu fainali dhidi ya Kolombia, hakuna aliyemgusa. Madaktari waliokuwapo walihangaika, vifaa vilikuwapo, na bado akaenda, miaka 28. Baadaye ilionekana moyo wake ulikuwa na ugonjwa wa kuzaliwa nao. Basi tunapotazama uwanja wetu wa mikaratusi, ambapo hakuna gari la wagonjwa wala machela, tuseme nini? Tuseme ajali ni ya Mungu? Wazee husema hivyo, na sina la kuwabishia. Ila naona kwamba vijana huku hawaogopi. Wanaingia uwanjani na matumbo matupu, juani, baada ya kulima, na wanakimbia kana kwamba moyo ni mali ya mtu mwingine.

Mbao ilishuka daraja 2020. Mwadui ikaifuata mwaka mmoja baadaye. Timu mbili za mechi ile ziliondoka Ligi Kuu, zikawa majina ambayo mashabiki hutamka kwa wakati uliopita. Nikilifikiria hilo nahisi kama mtu anayetazama nyuma ya mtumbwi: njia iliyokuwa imechorwa majini inajifunga yenyewe, bila haraka, bila ubaya wowote.

Kwa hiyo Ismail tunamlilia nini hasa? Mfungaji ambaye hakuwa bado? Mama aliyemzaa hamlilii mfungaji, hilo nalijua bila kuambiwa. Sisi wa mbali ndio tunalia kwa ajili ya mabao ambayo tumeyabuni wenyewe, kisha tukayahesabu kama yaliyoibiwa. Labda si yeye tunayemlilia. Labda ni ile raha ya kubishana ambayo hatukupewa.

Leo angekuwa anaisogelea thelathini, umri ambao mshambuliaji wa kwetu huanza kuulizwa atastaafu lini. Pengine angekuwa Simba au Yanga, akitukanwa kila Jumatatu. Pengine angekuwa Mashujaa, akicheza pale Lake Tanganyika, nasi tungepanda gari kutoka Kibondo kwenda kumtazama na kurudi tukisema amekwisha. Pengine goti lingemtoa mapema, akawa dereva wa bodaboda Mwanza, mtu mnene kidogo, anayewasimulia abiria kwamba naye zamani alikuwa anafunga, na abiria hawaamini. Nisingelijua jina lake. Ningepita Mwanza, nikapanda pikipiki yake, tukabishana nauli, nikashuka, nisimkumbuke.

Katika yote ambayo ningeweza kumtakia, namtakia hilo.