Betri Inayojaa kwa Dakika Ishirini



Wasomaji kadhaa wametuuliza kwa nini kazi ya kupiga picha vitabu vya ubatizo katika parokia moja kongwe ya huku Singida inakwenda taratibu kuliko tulivyotangaza. Jibu fupi ni betri ya kamera. Jibu refu ni hili tunaloandika sasa, maana tunajua parokia nyingi zina kamera kama yetu kabatini, na betri kama yetu ndani yake.

Kwanza kazi yenyewe. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaitaka kila parokia iwe na vitabu vyake, kile cha ubatizo kikitangulia, na inaagiza vile vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Pembeni mwa jina la mbatizwa huongezwa kipaimara, ndoa, daraja takatifu, nadhiri. Mstari mmoja unabeba maisha ya mtu. Huku kwetu mstari huo una kazi nyingine pia: mzee aliyezaliwa nyumbani, kijijini, bila mtu kufikiria kumwandikisha, akienda RITA kuomba cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo ni moja ya karatasi chache anazoweza kuweka mezani.

Vitabu tulivyonavyo mkononi ni vya kabla jimbo letu halijaundwa, mwaka 1972. Safu zake ni za Kilatini, Petrus na Joannes na Maria, na kando yake majina ya Kinyaturu yameandikwa kwa masikio ya mgeni, hata inabidi uyasome kwa sauti ndipo uyatambue. Mchwa waliingia kupitia ubao wa nyuma wa kabati. Kitabu kimoja kimeliwa pembe yote ya chini. Ukikifungua, unga wa karatasi unamwagika. Kitabu cha namna hiyo hakivumilii kufunguliwa mara nyingi. Kamera ikizimika ukurasa wa thelathini na nane, ama ukifunge na kesho ukifungue tena, ama ukiache wazi mezani na upepo wa Singida mnaujua. Kila safari tunapoteza kipande.

Kamera ni ya lenzi za kubadilisha, ina zaidi ya miaka kumi, tuliachiwa na mfadhili. Ina betri mbili. Moja ilikuja nayo, imeandikwa volti 7.4 na mAh 860. Ya pili ilinunuliwa baadaye kwa bei nafuu. Umbo lake ni lile lile, uzito ni pungufu kidogo, lakini maandishi yake yanadai mAh 1500. Maandishi hayagharimu kitu.

Dalili ya kwanza ilimfurahisha kila mtu. Taa ya chaja, ambayo zamani ilikaa nyekundu karibu saa mbili, ilianza kugeuka kijani baada ya dakika ishirini. Betri inajaa haraka siku hizi! Lakini mtungi uliojaa mchanga nao hujaa maji upesi. Chaja haijui mtungi una nafasi kiasi gani. Inajua tu kwamba maji yamefika mdomoni.

Betri hizi ni za lithiamu. Kampuni ya Sony ndiyo iliyoanza kuziuza mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuziwezesha. Ndani mna tabaka mbili, moja ya kaboni na nyingine ya oksidi ya metali, na chembe za lithiamu zinazosafiri kati yake: wakati wa kuchaji zinakwenda upande wa kaboni, wakati wa kutumia zinarudi. Katika kila safari chache hunasa njiani na hazirudi tena. Baada ya safari mia tatu hadi mia tano hivi, nafasi iliyobaki huwa imepungua sana, na njia yenyewe imekuwa nyembamba. Joto huharakisha hayo. Kuikalisha kabatini ikiwa imejaa kabisa huharakisha pia, na kuiacha tupu kwa miezi kunaweza kuiua moja kwa moja.

Hapa tuseme neno juu ya ule ushauri wa dukani, kwamba betri mpya lazima ichajiwe saa nane kwanza na itumike hadi iishe kabisa ndipo ichajiwe tena. Ulikuwa na maana yake enzi za betri za nikeli na kadimiamu. Kwa lithiamu hauna faida, na hiyo sehemu ya kuimaliza kabisa kila mara ina hasara. Hata hivyo utausikia mpaka leo, kwa sauti ya uhakika.

Tulikuwa na washtakiwa wanne: betri ya kwanza, betri ya pili, chaja, na kamera yenyewe. Watu wengi humhukumu wa kwanza na kwenda kununua, kisha tatizo linabaki pale pale kwa sababu mkosaji alikuwa chaja. Sisi fedha ya kununua hatukuwa nayo, kwa hiyo tulikuwa na muda wa kusikiliza kesi.

Chaja ilikuwa rahisi. Mpiga picha wa harusi mmoja pale mjini ana betri ya aina hiyo hiyo, nzima. Alituazima kwa siku mbili. Kwenye chaja yetu ilikaa karibu saa mbili, na kwenye kamera yetu ikapiga mamia ya picha bila kulalamika. Chaja ikaachiwa huru.

Kisha tukazigeukia betri kwa mita ya fundi redio. Ndani ya kila moja mna seli mbili zilizofuatana. Kila seli ikijaa hufika volti 4.2, kwa hiyo betri nzima iliyojaa husoma karibu 8.4. Tulizichaji zote jioni, tukazipima, tukaziweka kwenye droo, tukazipima tena baada ya Masifu ya Asubuhi. Ile ya zamani ilisoma 8.3 jioni na asubuhi karibu vile vile. Ile ya bei nafuu ilisoma 8.3 jioni, asubuhi 7.3, na hakuna mtu aliyeigusa.

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba tuna wagonjwa wawili wenye maradhi mawili, ingawa wote walikuwa wakiitwa kwa jina moja, "haikai na chaji". Ya bei nafuu inavuja: inapokea, lakini inapoteza yenyewe ndani kwa ndani hata ikilala. Ya zamani haivuji kabisa. Inakaa na kidogo ilicho nacho, ila ukiipa kazi, lenzi ikizunguka na kioo kikiwaka, volti zake zinaporomoka ghafla na kamera inadhani imekwisha. Ndiyo maana ukiipumzisha dakika kumi inakupa picha tatu nne zaidi, kama mzee anayepanda mlima. Kipimo cha mita peke yake kingeisifu. Inabidi uipime ikiwa kazini, na kazini maana yake ni kuhesabu picha.

Kamera tuliijaribu mwisho. Zipo kamera ambazo hata zikizimwa zinaendelea kunyonya, hasa zenye GPS. Tuliiacha betri ya zamani ndani ya kamera iliyozimwa usiku kucha; asubuhi ilisoma kama ilivyolala. Na betri yenye akiba ndogo hivyo ingefichua unyonyaji mapema kuliko betri nzima, kwa hiyo ushahidi ulitutosha.

Mambo mawili madogo yalisaidia kidogo. Vile vibati vya shaba vya betri ya zamani vilikuwa vimefifia; tulivisugua taratibu kwa raba ya penseli, kisha pamba yenye spiriti, tukasubiri vikauke. Kutoka kurasa 38 tulifika 45. La pili ni joto. Parokiani tunachaji kwa sola. (Zile nguzo kubwa za kilovolti 400 zinazotoka Iringa kupitia Dodoma hadi Singida na Shinyanga tunaziona vizuri, kuziona hakuchaji betri.) Sola ina nguvu adhuhuri, na adhuhuri chumba kile cha bati ni tanuri. Betri ina kibati cha ziada kinachoieleza chaja hali ya joto, na chaja ikisikia joto limezidi inasimama na kupepesa taa. Tulihamisha kazi ya kuchaji kwenye asubuhi, wakati betri kubwa za sola zina akiba ya jana, na kupepesa kukaisha.

Fundi alijitolea kuipasua betri na kutia seli nyingine. Ni mtu stadi, redio ya seminari imeponea mikononi mwake mara mbili, lakini tulimshukuru na kukataa. Seli ya lithiamu ikitobolewa au ikiungwa vibaya hushika moto, na moto wake hauzimiki kirahisi. Kando ya vitabu vya karatasi kavu hatukutaka hata kulijaribu wazo hilo. Mwingine alishauri tuigandishe kwenye friji. Ushauri huu nao unazunguka sana; unyevu utakaoingia ndani ndio utakaobaki.

Basi tukaipanga kazi iendane na betri. Tuliacha kutumia kioo cha nyuma kulengea, tukarudi kwenye tundu la kutazamia. Kioo kikiwaka mfululizo, idadi ya picha mara nyingi hushuka chini ya nusu. Tulifunga ile tabia ya kuonyesha kila picha baada ya kupigwa. Flashi haikuhitajika tena baada ya meza kusogezwa dirishani, jambo ambalo wino uliofifia ulilipenda pia. Kamera tuliifunga juu ya miguu yake mitatu, tukalenga ukurasa mara moja, kisha tukaizuia lenzi isijilenge tena, kwa kuwa umbali haubadiliki. Mmoja anafungua kurasa kwa kipande cha kadi, mmoja anabonyeza, mmoja anasoma namba ya ukurasa kwa sauti na kuiandika. Kwa mpangilio huo betri ile ile ya zamani ilitoa kurasa 110. Ile inayovuja tuliifanya ya akiba: inatolewa kwenye chaja na kuingia kazini papo hapo, kabla haijapata nafasi ya kulala.

Mpangilio pia ulibadilisha foleni ya vitabu. Tulikuwa tukifuata miaka. Sasa tunafuata mchwa: kilicholiwa zaidi kinatangulia, hata kama ni cha katikati. Kitabu kile cha pembe iliyoliwa kilimalizika kwa siku mbili, na kilifunguliwa mara mbili tu. Picha zinahifadhiwa parokiani na kwenye kumbukumbu za jimbo kwa ruhusa ya paroko na ya kansela, wala hazitumwi kwa simu, kwa kuwa ndani yake mna mambo ya familia za watu. Na kitabu chenyewe hakichukuliwi nafasi yake na picha; kimefungwa kwa kitambaa na kuhamishiwa kabati la chuma.

Mwezi uliopita mchango wa wanafunzi, walezi na wanakwaya wa parokia umetosha kununua betri moja mpya ya kampuni iliyotengeneza kamera. Imekaa kwenye chaja karibu saa mbili. Tumeiandikia tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na ikikaa bila kazi tunaiacha ikiwa nusu, mahali penye kivuli. Ile ya bei nafuu tumeiziba vibati kwa selotepu, tumeitenga kwenye kopo, haiendi shimo la taka wala motoni. Inasubiri gari la seminari litakalokwenda mjini kwa mtu anayekusanya betri chakavu. Ya zamani bado inafanya kazi asubuhi, kurasa zake mia na kitu.

Vimebaki vitabu vitatu. Tutakianza cha kwanza Jumatatu baada ya Oktava ya Pasaka.