Land Rover ya babu: ibaki orijino au irudi barabarani?

Kuna ubishi mkubwa ndani ya ukoo wetu pale Mpanda, na kwa kuwa mimi ndiye "msomi wa gazetini", kila upande unataka niseme uko sahihi. Ubishi wenyewe ni wa gari. Babu alituachia Land Rover 109, Series III, ya petroli. Injini ilishanoki muda mrefu. Baba mkubwa anataka itolewe, iwekwe ya dizeli ya Toyota, gari lirudi kubeba mahindi na kuwahisha wagonjwa masika. Baba mdogo, ambaye makazi yake ni Dar, hataki kusikia. Anasema tusubiri spea orijino hata miaka mitatu, maana likiwekwa moyo wa Kijapani si gari la babu tena.

Usicheke ndugu msomaji, watu wazima wameacha kupigiana simu kwa ajili ya hili!

Baba mdogo hajabuni hoja yake. Huko Marekani wapenzi wa magari yale ya vijana wenye haraka, kama Pontiac GTO iliyotoka 1964, huanza kwa kukagua kama namba ya injini inalingana na gari lenyewe. Namba zikilingana, bei inapaa. Injini ikiwa ya kupachika, inashuka, hata kama gari linakwenda vizuri zaidi. Lipo pia shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa 1966. Kwao gari la kihistoria liwe na miaka 30 au zaidi, litunzwe katika hali sahihi ya kihistoria, na (sikiliza hapa) lisiwe gari la usafiri wa kila siku.

Hapo ndipo Mpanda inapotoka kwenye mchezo. Kanuni hiyo imeandikwa na mtu mwenye gari la pili nyumbani. Lami imefika mjini kwetu, sawa, lakini chepuka kidogo uelekee Mwese au vijiji vya bondeni mwezi Februari, kisha uniambie nani anafuga gari la maonyesho. La maonyesho lina mahali pake. Ile Rolls-Royce ya enzi za ukoloni, ambayo baadaye ilimbeba Mwalimu Nyerere, iko Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, na pale sitaki mtu aiguse hata nati. Lakini sisi hatuna makumbusho. Tuna uwanja wenye mwembe, kuku wanalala kwenye siti, na chesisi ya chuma inaliwa na kutu taratibu. Miaka mitatu ya kusubiri si bure.

Halafu, hiyo orijino yenyewe ni ipi? Nimesoma kidogo historia ya gari hili. Mfano wa kwanza kabisa, wa 1947, ulijengwa kwa kutumia chesisi ya Jeep ya Marekani. Land Rover ilipoonyeshwa Amsterdam Aprili 1948, bodi yake ilikuwa ya aloi ya alumini kwa sababu Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao. Kwa maneno mengine lilizaliwa kwa kutumia kilichopatikana. Fundi wa Mpanda anayepachika injini ya Toyota, Nissan au Isuzu anafanya kile kile walichofanya wenyewe kiwandani.

Na wanaKatavi tunao mfano mwingine majini. Watu wa Karema wamepanda Liemba vizazi na vizazi. Meli ile iliingia Ziwa Tanganyika 1915 ikiitwa Graf von Götzen, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924 na kuirudisha kazini 1927. Miaka ya 1970 injini zake za mvuke zilitolewa zikawekwa za dizeli. Je, umewahi kumsikia mtu akisema ile si Liemba?

Kwa hiyo nampa baba mkubwa ushindi? Nusu. Injini ya petroli ya 109 ilikuwa na nguvu za farasi 70 hivi. Ile 1HZ ya Land Cruiser anayoitamani inatoa karibu 130. Nguvu hiyo inapita kwenye gia boksi ile ile ya zamani, kisha kwenye shafti zinazotoka difu ya nyuma kwenda matairini. Na gari litakimbia kuliko babu alivyowahi kulikimbiza, huku breki zikiwa zile zile. Ukitaka gari la kupeleka wagonjwa, anza na breki na usukani, ndipo uje kwenye injini, na uchague injini ya wastani.

La pili, chesisi isikatwe. Fundi atengeneze vishikio vya kufunga kwa bolti, ili siku mjukuu akipata fedha airudishe kama ilivyokuwa. La tatu, kadi ya gari ina namba ya injini, basi mabadiliko yaandikishwe TRA, tusije kuitwa wezi wa gari letu wenyewe. La nne, na hili nimeliwekea mstari: fundi ameomba apewe ile injini ya zamani kama sehemu ya malipo, na tunajua itaishia kwenye mzani wa vyuma chakavu. Hapana. Ipakwe grisi, ifungwe turubai, ikae stoo. Hapo baba mdogo yuko sahihi kabisa. Ukishauza kwa kilo, hakuna wa kuirudisha.

Babu hakulinunua gari hili ili litazamwe. Alilinunua lifike pasipofikika. Kwangu mimi hiyo ndiyo spea orijino ya kwanza kurudishwa.

Nimewatumia wote wawili haya niliyoandika. Baba mdogo bado yuko kimya. Baba mkubwa amejibu kwa kuuliza tu: "Hizo breki shilingi ngapi?" Ni dalili njema. Wewe ungewaamulia vipi?