Niliiona dhahabu ya Kilwa mjini Lisbon

Ulaya ikitajwa, wengi wetu hufikiria London, Paris au Roma. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, hautajwi sana katika baraza zetu za Mombasa, na ukitajwa huwa ni kwa sababu ya ule ugomvi wa kale wa Fort Jesus. Sisi nasi tusingefikiria kwenda huko lau si mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, aliyepata nafasi ya masomo huko akatusihi tumtembelee kabla hajahitimu. Basi Agosti 2024, shule zilipofungwa, tulifunga safari watu wanne: mimi, mama watoto, kijana wetu wa kidato cha pili na mdogo wake wa kike aliye gredi ya sita. Nauli peke yake ilimeza akiba ya miaka mitatu, kwa hivyo kila shilingi iliyobaki ilikuwa na kazi yake.

"Mjomba, msije mkachukua chumba Alfama," mpwa wangu alinionya kwa simu.

Alfama ni mtaa mkongwe chini ya ngome ya São Jorge. Tetemeko la ardhi la Novemba 1, 1755 liliangusha sehemu kubwa ya Lisbon, lakini Alfama ilibaki na vichochoro vyake, vyembamba kama vya Mji wa Kale kwetu, nguo zimeanikwa madirishani. Hata jina lake ni la Kiarabu, kwani Waislamu waliutawala mji huo hadi mwaka 1147. Mtaa unapendeza, sikatai. Lakini ni ngazi juu ya ngazi, na mwenye masanduku atajuta. Tena nyumba nyingi zimegeuzwa za kukodishwa watalii kwa siku, kodi ikapanda, na wenyeji, hasa wazee, wakalazimika kuhama. Mpwa wangu mwenyewe alikuwa amehama vyumba viwili katika mwaka mmoja. Nenda Alfama ukatembee, usiku ukalale kwingine.

Sisi tulilala Anjos, kando ya barabara ndefu ya Almirante Reis. Tulipata vyumba viwili katika nyumba ya wageni, safi, visivyo na madoido, karibu na stesheni ya metro. Huko utakutana na Wabangladeshi, Wanepali, Wabrazili na watu wa Cape Verde, na ukishuka hadi Martim Moniz utapata nyama ya halali na biriani. Aidha, kuna kodi ya manispaa kwa kila mgeni anayelala mjini. Sisi tulilipa euro 2 kwa usiku. Septemba mwaka huo huo ikapandishwa hadi 4. Watoto walio chini ya miaka 13 hawalipi, nami nilishukuru kwa ajili ya yule mdogo.

Kuhusu kula, tafuta tasca, yaani mkahawa mdogo wa kifamilia, uende mchana na uulize chakula cha siku. Ukishaketi, mhudumu ataleta mkate, zeituni na jibini kabla hujaagiza lolote. Hiyo si takrima. Ukivigusa utavilipia, usipovitaka, mwambie avirudishe, wala hatanuna. Supu yao mashuhuri, caldo verde, ilimchekesha sana mama watoto: ni viazi vilivyopondwa pamoja na mboga ya majani iliyokatwa nyembamba, ndugu wa damu wa sukuma wiki yetu. Juu huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe, kwa hivyo tuliomba isiyo nacho. Kuna sadini za kuchomwa na kuna kuku wa piri-piri, jina walilolipata huku kwetu Afrika, ingawa pilipili kali yenyewe ni Wareno walioileta kutoka Amerika.

Hapo mezani ndipo watoto walipoanza mchezo wao. Meza kwao ni mesa. Bendera ni bandeira, leso ni lenço, nanasi ni ananás, kasha ni caixa. Kufikia siku ya tatu kijana alikuwa amejaza kurasa mbili za daftari. Neno lililonishika mimi ni igreja, maana yake kanisa, ambalo ndilo asili ya neno letu gereza. Mtu wa Mombasa hahitaji kufafanuliwa: Wareno walijenga kanisa ndani ya Fort Jesus, na miaka mingi baadaye Waingereza wakaifanya ngome ile jela.

Ya kutazama ni mengi na nitayapitia haraka. Mtaa wa Baixa, uliojengwa upya kwa mistari iliyonyooka baada ya tetemeko, ni wa kutembea bila kuchoka. Chiado ndiko waliko wenye kujua kuvaa, na mwanafunzi asiache kuingia katika duka la vitabu la Bertrand, lililoanzishwa mwaka 1732. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, kwa maana vijiwe vya njiani, vyeupe kwa vyeusi, huteleza kama sabuni. Tramu ya 28 ni nzuri kwa macho, lakini hujaa pomoni na wachopozi wanaijua kuliko watalii. Ipande alfajiri au usiipande. Ukitaka kuuona mji wote bila kulipa, panda kwa miguu hadi Senhora do Monte magharibi inapokaribia.

Kule Belém kuna monasteri ya Jerónimos, iliyoamriwa na Mfalme Manuel wa Kwanza na kujengwa kwa kodi ya biashara ya viungo. Ukiingia kanisani utakuta kaburi la Vasco da Gama, yule yule aliyetia nanga Mombasa na Malindi Aprili 1498. Watu hupanga foleni kumpiga picha. Karibu na hapo kuna duka linalouza vitobosha vya maziwa na mayai tangu mwaka 1837, na foleni yake ni ndefu zaidi.

Hata hivyo, kama una siku moja tu, ningekuambia uanzie Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, katika barabara ya Janelas Verdes. Ulizia kwanza kama yamefunguliwa, maana makumbusho mengi huko hufungwa Jumatatu, na mengine hufungwa kwa ukarabati. Ndani tulioneshwa chombo cha dhahabu cha kuoneshea Ekaristi, kazi ya sonara Gil Vicente, kimezungukwa na mitume kumi na wawili waliopiga magoti. Kwenye kitako chake mmeandikwa kwamba Mfalme Manuel alikitengenezesha kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa, na kwamba kilimalizika mwaka 1506.

Kilwa hii hii yetu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika huko na merikebu za vita, akamtishia Amiri Ibrahim kwamba angeupiga mji kwa mizinga, akaondoka na mithkali 1,500 za dhahabu. Mwaka 1505 Wareno walirudi wakaiteka Kilwa na kuichoma Mombasa.

Kijana wetu alikizunguka kile chombo mara tatu. "Baba, hawawezi hata kutuazima?" akauliza.

Mama watoto akasema laiti dhahabu ile ingebaki Kilwa, ingekwisha yeyushwa zamani kuwa bangili, na leo tusingekuwa na cha kutazama. Mpwa wangu hakukubali. "Mkaza mjomba, bangili zingekuwa za bibi zetu," akasema.

Ubishi huo ulitoka nasi hadi bustani ya nyuma, inayotazama mto Tejo na bandari, na jioni ukapanda nasi feri kutoka Cais do Sodré kuvuka hadi Cacilhas. Kivuko ni kifupi, nauli haifiki euro 2, na watu wanaotoka kazini husimama wima kama wa Likoni, macho kwenye simu. Upande wa pili kuna mikahawa ya samaki yenye bei nafuu kuliko mjini. Binti yetu alilala kwenye kiti tuliporudi. Wale wengine watatu walikuwa bado wanabishana.