Mizani za Reli ya Kati

Tulitoka Tabora usiku, behewa la daraja la tatu, begi la mtu miguuni mwangu na mtoto wa mtu mapajani. Nje giza tupu. Nikabaki na masikio tu. Ta-ta, kimya kidogo, ta-ta: magurudumu yakikanyaga viungo vya reli, pale kipande kimoja kinapoishia na kingine kuanza. Nikajikuta nahesabu mizani za mshororo wa shairi kwa vidole kama tulivyofundishwa shuleni, nane za ukwapi, nane za utao. Wala sikuwa na nia ya kutunga, usingizi ulinikataa.

Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 haina mlio huu. Reli zake zimechomelewa, hakuna pengo la kugonga. Nimeipanda. Ni safi, inawahi, silalamiki. Ila inakwenda kama guni, shairi lililokosa mizani.

Reli hii ya zamani ilifika Kigoma mwaka 1914. Ukishuka pale, Ujiji si mbali, na ndiko alikozaliwa Amri Abedi, mwenye kitabu cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954. Sidai kwamba treni ndiyo iliyomfunza. Ushairi wetu ulikuwepo kabla ya reli yoyote. Lakini usiku ule, sheria zake zilinipigia chini ya kiti mpaka kukakucha.

Uvinza, alfajiri. Treni haijasimama vizuri, mabeseni yameshafika madirishani.

"Maji baridi, mayai! Karanga, ndizi, mayai!"

Nikahesabu. Nane na nane, na vina vimekaa. Mama mwenyewe hana habari. Anachotaka ni kuuza kabla honi haijalia.

"Mayai bei gani, mama?" nikamwuliza. Tisa. Nimeharibu.

"Mia tano, mwanangu."

Saba. Tisa na saba, kumi na sita ileile. Kanirekebishia bila kujua.

Nikampa noti ya elfu moja. Akanipa yai moja la kuchemsha na chumvi iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti, kisha akaanza kutafuta chenji kwenye pindo la kanga. Honi ikalia. Treni ikajivuta. Akakimbia sambamba na dirisha, mkono mmoja ukishika beseni kichwani, kandambili zikipiga ta-ta, ta-ta kwenye kokoto, mpaka sarafu ikatua kiganjani mwangu, ya moto.