Safari fupi ya Ulaya: Miji mine, njia moja



Katika miji yetu ya migodi, toka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, jamaa nyingi leo ziko na mtoto, ndugu ao mukwe anayekaa Ulaya. Siku moja simu inalia: "Baba, Mama, kujeni mutuone." Furaha inajaa nyumba nzima. Kisha maulizo yanaanza. Feza ngapi? Mikanda gani? Na tukifika kule, tutaona miji mingine, ao tutakaa tu katika saloni ya mtoto mpaka siku ya kurudi?

Maulizo hayo ni mazuri. Safari ya Ulaya inakula feza ya miaka mingi. Wengine wameuzisha kiwanja, wengine wamekopa. Kwa hiyo tupange pamoja, pole pole, kwa mfano mmoja. Tuseme baba na mama wa Likasi wako na binti aliyeolewa Liège, kule Ubelgiji. Wako na siku kumi. Wanapenda kumuona binti, na kuona pia Bruxelles, Köln ya Ujerumani, na Paris ambako kuko ndugu wa mama.

1. Fungua karte kwanza

Mbele ya kuhesabu feza, kamata karte ya Ulaya na kalamu. Utaona kitu ambacho kinashangaza watu wa inchi kubwa kama yetu: miji hii iko karibu karibu. Toka Bruxelles mpaka Liège ni karibu saa moja ya treni. Toka Liège mpaka Köln, karibu saa moja ingine. Toka Köln kuko treni ya mbio inayoenda moja kwa moja Paris, kwa saa tatu na kitu. Na Bruxelles mpaka Paris, kilometa karibu 300, ni saa moja na dakika 22 hivi.

Sasa piga mustari: Bruxelles, Liège, Köln, Paris. Ni njia moja. Kwa hiyo, kama bei inafaa, lomba tiketi ya ndege inayokuingiza Bruxelles na kukutosha Paris. Watu wengi wanafikiri lazima kurudia fasi waliposhukia. Hapana. Ukirudi Bruxelles juu ya ndege tu, unapoteza nusu siku na feza ya treni.

Usijaze miji. Siku kumi, miji mine, inatosha. Mutu anayeandika miji minane katika siku kumi ataona vituo vya treni tu.

2. Viza moja, inchi nyingi

Tarehe 14 ya mwezi wa sita 1985, inchi tano, ndizo Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg, Ufaransa na Ujerumani, zilitia mikono kwa mapatano katika kijiji kidogo cha Luxembourg, jina lake Schengen, kando ya muto Moselle. Mapatano yale yalianza kutumika mwaka 1995. Leo inchi 29 ziko ndani. Kwa sababu hiyo viza moja ya Schengen inakupitisha Liège, Köln na Paris.

Lakini viza hiyo unailomba wapi? Hapa wengi wanakosea. Unailomba kwa inchi ambako utalala siku nyingi zaidi. Kama siku ziko sawasawa, basi ni inchi utakayoingia ya kwanza. Wazazi wetu watalala usiku sita Ubelgiji, mumoja Köln, na mbili Paris. Basi wanalomba kwa Ubelgiji. Usiende kwa inchi fulani kwa sababu umesikia "kule wanatoa mbio". Biro itasoma mupango wako, na kama maneno na siku havipatani, watakataa.

Angalia mambo haya:

– Pasiporti iwe imetolewa chini ya miaka 10, iwe na kurasa mbili nyeupe, na iishi miezi mitatu kisha siku ya kutoka Ulaya.

– Asiransi ya safari ya euro 30 000 kwa uchache, kwa ugonjwa na kwa kurudishwa nyumbani.

– Toka mwezi wa sita 2024, garama ya viza ni euro 90 kwa mukubwa, na 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 12 ambayo haijatimia. Aliye chini ya miaka 6 halipe. Juu ya hiyo kunaweza kuwa garama ya biro inayopokea mikanda.

– Peleka maombi miezi sita mbele kwa kadiri ya mwisho, na si chini ya siku 15. Usingoje siku 15. Hesabu pia safari ya kwenda fasi wanapopokea mikanda na alama za vidole.

– Usilipe tiketi isiyorudishiwa feza mbele ya kupata viza. Mara nyingi rezervasio inatosha.

London haiko ndani ya Schengen. Kama mutu anakuambia "toka Bruxelles mpaka London ni treni tu", ni kweli, treni iko, inapita chini ya bahari. Lakini Uingereza iko na viza yake. Na kama viza yako ya Schengen ni ya kuingia mara moja tu, ukitoka kwenda London hautarudi Paris. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini iko ndani ya Schengen: unaingia kwa viza ile ile, lakini unakuta feza ingine, franga ya Uswisi.

3. Treni ao ndege?

Sisi watoto wa Katanga tunajua treni toka zamani. Njia ya chuma ilifika Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Lakini njia yetu ni nyembamba, milimeta 1 067 kati ya chuma na chuma. Ya Ubelgiji na jirani zake ni 1 435. Na kwa treni za mbio wamejenga njia zao mpya, zisizo na kona kali, ndiyo maana zinakimbia kilometa 300 kwa saa moja.

Namna ya kuchagua ni hii. Usilinganishe saa za kuruka na saa za treni. Linganisha toka mulango wa nyumba mpaka mulango wa nyumba. Ndege inaweza kuruka saa moja tu. Lakini ongeza kwenda kiwanja cha ndege, kufika saa mbili mbele, kupekuliwa, kungoja mizigo, na kuingia tena mjini. Treni inakutosha katikati ya muji na kukushusha katikati ya muji. Kwa safari ya treni ya saa nne ao tano, treni inashinda mara nyingi. Kupita pale, kama toka Bruxelles mpaka Roma, ndege inafaa.

Angalia tena ndege za bei mwepesi. Zingine hazitue karibu na muji zinaoutaja. Kiwanja cha Charleroi kinaitwa cha Bruxelles, kumbe kiko mbali na Bruxelles kilometa karibu 50. Kile cha Beauvais kinahesabiwa cha Paris, kumbe ni kilometa karibu 85. Ukiongeza bisi, na kulipa sanduku (sababu kule sanduku linalipwa mbali na tiketi), bei mwepesi inageuka bei nguvu. Mama aliyebeba unga, sombe na samaki ya kukauka, afikiri sana juu ya neno hili. Na kabla ya kufunga ule muzigo, ajue: Umoja wa Ulaya unakataza wasafiri kuingiza nyama na maziwa toka inchi kama yetu.

4. Tiketi

Kuko treni za namna mbili. Treni za kawaida za ndani ya Ubelgiji, kama Bruxelles–Liège, hazilombe rezervasio. Unanunua siku ile ile, unapanda, na ukikosa moja unangoja ingine. Lakini treni za mbio za kuvuka mipaka ziko kama ndege: kiti kiko na namba, saa ni moja, na bei inapanda kadiri siku inavyokaribia. Kwa hiyo, viza ikipatikana, nunueni ya Köln na Paris mara moja.

Kuko pia tiketi inayoitwa Eurail, ya watu wasiokaa Ulaya. Inafungua treni nyingi kwa siku fulani. Ni nzuri kwa kijana anayezunguka mwezi muzima. Kwa safari tatu nne kama hizi, mara nyingi inapita bei ya tiketi za kawaida, na kwa treni nyingi za mbio utalipa tena kiti.

5. Kituoni

Wengi wamepotea Ubelgiji si kwa kutojua kusoma, bali kwa majina. Inchi ile iko na luga tatu. Liège kwa Kiflamand ni Luik, kwa Kijerumani ni Lüttich. Köln kwa Kifaransa ni Cologne, kwa Kiflamand ni Keulen. Mons ni Bergen. Lille ya Ufaransa wanaiandika Rijsel. Na kituo cha Bruxelles-Midi ni kile kile cha Brussel-Zuid. Andikeni majina yote katika kikaratasi mbele ya kuondoka.

Saa pia. Wakati wa baridi, Ubelgiji iko nyuma ya Lubumbashi saa moja. Wakati wa joto, toka mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, saa ni moja. Treni haingojei mutu. Mulango unafungwa mbele ya dakika iliyoandikwa.

Siku za grevi ziko, zaidi kwa treni za Ubelgiji. Kwa hiyo mulale usiku wa mwisho katika muji wa ndege yenu. Ndiyo sababu wazazi wetu wanamaliza Paris.

6. Kitu cha kuona

Kituo cha Liège-Guillemins chenyewe ni cha kuangalia: chuma na vioo, kazi ya Santiago Calatrava, kilifunguliwa mwaka 2009. Köln, ukitoka tu kituoni, kanisa kubwa liko mbele yako, urefu meta 157. Walianza kulijenga mwaka 1248, wakalimaliza 1880. Waliochimba musingi hawakuona paa. Kwa vijana wetu wanaotaka kila kitu leo, hilo ni fundisho bila muhubiri.

Lakini fasi moja usiiache. Kule Bruxelles, pale Montgomery, panda tram 44. Inapita katika pori mpaka Tervuren, kwenye nyumba kubwa ya vitu vya Afrika, iliyofunguliwa tena mwezi wa kumi na mbili 2018. Utaona mawe ya inchi yetu nyuma ya kioo. Mwaka 1897, kwa maonyesho ya mufalme Léopold II, Wakongo 267 walipelekwa kule ili watu wawaangalie. Saba kati yao walikufa. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Simameni pale kidogo, muvue kofia. Wale hawakununua tiketi ya kurudi.

7. Siku ya kurudi

Tumefika kwa neno lenye uzito. Viza fupi inaruhusu kufika siku 90 katika siku 180, lakini siku zako ni zile zilizoandikwa juu ya viza. Toka tarehe 12 ya mwezi wa kumi 2025 walianza kuandika kuingia na kutoka katika mashini, kwa picha na alama za vidole, fasi ya muhuri.

Kuko sauti zinazonongona: "Ukifika, baki." Baba, Mama, fikirini binti yenu. Kule Ubelgiji, anayewaita anaweza kutia mukono kwa mukanda wa kuchukua garama zenu. Mukibaki, anaweza kulipishwa matunzo yenu na garama ya kuwarudisha. Na kesho mudogo wake akilomba viza ya masomo, jina lenu linaweza kumufungia mulango. Vilevile mutu wa barabarani anayeuzisha "viza ya kweli" na mikanda ya uongo, mukimbieni. Mukanda wa uongo ukijulikana, kiwanja kimeenda na viza hakuna. Hata kwa mikanda ya kweli wanaweza kukataa, na garama hairudi. Lakini watakuandikia sababu, na unaweza kuipinga.

Basi hesabuni yote mbele: viza, asiransi, ndege, treni, kulala, chakula, na kitu cha kando kwa ugonjwa. Chungeni pia karte ya manjano ya chanjo, sababu mutaulizwa mukirudi Kongo. Kama hesabu inazidi, kateni muji mumoja, musikate ada ya watoto waliobaki nyumbani. Paris itangoja. Mwaka wa masomo haungoje.

Safari njema, na murudi salama mutuelezee.